Macho Yanapocheza Tukilala: Je, Ni Sikio au Ni Ubongo?

Akina mama wenzetu, kizunguzungu ni neno moja lakini limebeba mizigo mingi. Hapa Moshono mama akisema ana kizunguzungu, wa kwanza atamwambia ni presha, wa pili atasema damu imepungua, na wa tatu atamwuliza kwa sauti ya chini kama siku zake zimepita. Mwingine atamtuma duka la dawa akanunue vidonge vya malaria bila hata kupima. Kila mmoja aweza kuwa amesema kweli, maana kizunguzungu huletwa na mambo mengi. Lakini kipo kizunguzungu cha namna ya pekee, ambacho hakiji saa yoyote. Huja mtu anapolala, anapojigeuza kitandani, anapoinama kupuliza moto, au anapoinua kichwa kuanika nguo kambani. Nyumba nzima huzunguka. Na ukimtazama machoni wakati uleule utaona jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuliangalia: macho yake yanacheza yenyewe, bila yeye kutaka.

Mchezo huo wa macho madaktari wanauita nistagmasi. Tunaandika habari zake kwa sababu katika boma letu umetokea mara mbili, kwa mtu yuleyule, na mara hizo mbili hazikuwa na maana moja.

Sisi ni wakamwana watatu wa boma moja. Mama mkwe wetu, ambaye sote tunamwita yeyo na wajukuu wanamwita koko, ni mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Siku moja mwaka 2021 hakuamka. Tulimkuta ameshika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, akisema akigeukia kushoto tu, dari linamwangukia. Alitapika. Akikaa wima bila kutikisika, nafuu inarudi. Majirani walikuja na maneno yao. Mmoja alisema ni sumu, mwingine alisema kuna mtu ana kijicho na ng'ombe wetu. Sisi tulichukua gari tukampeleka hospitali.

Daktari, mama kijana mwenye maneno machache, alimpima presha, akamsikiliza moyo, kisha akafanya jambo lililotushangaza. Alimkalisha yeyo kitandani, akamgeuza kichwa upande wa kushoto, akamlaza chali kwa haraka mpaka kichwa kikaning'inia kidogo nje ya godoro. "Bibi, usifumbe macho, hata ukiogopa," alimwambia. Nasi akatuita: "Njooni muone." Kwa sekunde chache hakukuwa na kitu. Halafu macho yakaanza kuruka kuelekea juu, upande wa paji la uso, huku yakijizungusha kuelekea sikio la chini. Yeyo alipiga kelele. Daktari alihesabu polepole, na kabla hajafika thelathini macho yalikuwa yametulia.

Ili kuelewa alichokiona daktari, hebu jaribu jambo dogo, msomaji. Shika gazeti hili mbele yako na utikise kichwa kushoto na kulia huku ukiendelea kusoma. Utaona maneno bado yanasomeka. Sasa tuliza kichwa na utikise gazeti kwa mwendo uleule. Maneno yamevurugika, sivyo? Sababu ni kwamba kichwa kinapotikisika, sikio la ndani linakitambua kila kijongeo na kupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unaamuru misuli ya macho iyarudishe macho upande wa pili kwa kiasi kilekile. Kila jicho lina misuli sita ya kulizungusha. Amri hiyo inafika kwa muda wa karibu sehemu moja ya mia ya sekunde, wala hatuhitaji kuifikiria. Gazeti likitikisika na kichwa kimetulia, sikio halina habari ya kutoa, nayo macho huachwa yakimbizane na maneno yenyewe.

Ndani ya kila sikio iko mifereji mitatu iliyopinda kama pete, imejaa maji. Kichwa kikigeuka, maji hubaki nyuma kidogo na kusukuma kipazia laini kilicho ndani ya mfereji, na kipazia hicho huamsha mshipa wa fahamu. Jirani na mifereji kipo kifuko chenye vijiwe vidogo mno vya chokaa, ambavyo kazi yake ni kutujulisha chini ni wapi. Kwa umri, au baada ya kugonga kichwa, na mara nyingi bila sababu inayojulikana, vijiwe hung'oka vikaingia katika mfereji. Mtu akilala, vijiwe huteremka, vinaburuta maji, na ubongo unapata habari kwamba kichwa kinazunguka, ingawa kimelala tuli juu ya mto. Ubongo unatii. Unayarudisha macho kana kwamba kichwa kinazunguka kweli. Vijiwe vikifika chini ya mfereji vinatua, na macho yanatulia. Hicho ndicho kilichompata yeyo mara ya kwanza. Ugonjwa huu huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa walio katika miaka ya hamsini na kuendelea.

Ujuzi huu una historia yake. Róbert Bárány, daktari aliyezaliwa Vienna mwaka 1876, alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji. Walipolalamika kwamba maji ya baridi yanawapa kizunguzungu, alitazama macho yao, akaona yanacheza. Alipotia maji ya moto zaidi, yakacheza upande wa pili. Kwa kazi yake juu ya sikio la ndani alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimfikia akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi. Mwaka 1921 ndipo alipoandika habari za mwanamke kijana ambaye macho yake yalicheza kila alipolazwa kwa ubavu. Kipimo kile alichofanyiwa yeyo kiliandikwa London mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike. Tunapenda kumtaja Dix kwa jina, maana alikuwa akisomea upasuaji, akajeruhiwa usoni na machoni katika mashambulizi ya mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na njia ile ikafungika. Mtu ambaye macho yake mwenyewe yaliumizwa ndiye aliyetufundisha kutazama macho ya wenzetu.

Dawa ya vijiwe ni kuvirudisha vilikotoka. John Epley, daktari wa Portland kule Marekani, alionyesha mwaka 1980 namna ya kugeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe vitoke kwenye mfereji. Wenzake walimcheka, na makala yake haikukubaliwa kuchapishwa mpaka 1992. Daktari wetu alimfanyia yeyo hivyo kwa muda wa dakika chache tu. Alirudia mara mbili. Vidonge vya kizunguzungu tulivyokuwa tumebeba kwenye kikapu alituambia tuvirudishe kabatini, kwa sababu vinapunguza kichefuchefu na kuleta usingizi lakini haviwezi kuondoa kijiwe. Jioni ile yeyo alilala ubavu wa kushoto.

Kabla hatujaondoka, daktari alituambia neno ambalo wakati ule hatukuliona kuwa kubwa. "Vijiwe vinaweza kurudi. Vikirudi mleteni. Lakini siku mkiona macho yanaruka kuelekea chini, kidevuni, au yanacheza bila kuacha, msingoje kesho. Hiyo si kazi ya sikio."

Ni kazi ya nani, basi? Ni ya ubongo. Habari zote za sikio hupokelewa katika shina la ubongo, lile linaloungana na uti wa mgongo, na hukaguliwa na ubongo mdogo ulio kisogoni. Ubongo mdogo tunaufananisha na fundi mwashi mwenye timazi. Sikio peke yake haliwezi kutofautisha vizuri kati ya kichwa kilichoinama na kichwa kinachosukumwa mbele, kwa kuwa vijiwe huvutwa namna moja katika hali zote mbili. Ubongo mdogo hulinganisha habari za vijiwe na habari za mifereji, kisha hukata shauri chini ni wapi. Kazi yake ya pili ni kuzima habari iliyokwisha: kichwa kikishasimama, nao humwambia mwenzake wa shina kwamba safari imekoma, yatulize macho. Sehemu hiyo ikikosa damu, au ikibanwa na uvimbe, timazi linapinda. Mtu akiwa wima hesabu yaweza kuonekana sawa. Akilazwa, hesabu inakosewa, na kosa hilo linaonekana machoni. Kwa sababu hakuna kijiwe cha kutua, hakuna cha kuyasimamisha macho, nayo hucheza kwa muda wote kichwa kinapokuwa katika mlalo ule.

Mwaka 2023, mwezi wa sita, baridi ya Meru ikiwa imeshuka mpaka kwenye migomba, yeyo alisema tena maneno yaleyale: "Nikilala nazunguka." Hata sauti ilikuwa ileile. Dada yake, ambaye alikuwa amekuja kutusalimu, alifurahi kwamba dawa inajulikana, akataka tumgeuze kichwa palepale kama alivyosikia tumefanyiwa hospitali. Kwa nini tupoteze nauli?

Mkubwa wetu alisema kwanza tutazame macho. Tulimwomba yeyo alale chali, bila mto, akiangalia juu, mmoja wetu akimulika kwa simu kutoka pembeni ili asiumizwe na mwanga. Macho hayakungoja. Mara kichwa kilipogusa godoro yalianza, tena yaliruka kuelekea chini, moja kwa moja, bila kujizungusha. Mkubwa alihesabu hadi sitini. Yakaendelea. Akahesabu hadi mia na ishirini, bado. Na jambo la ajabu, yeyo hakupiga kelele kama mara ile. Alisema kizunguzungu si kikali sana, ila kisogo kinamuuma na mwili haumtii. Tulipomsimamisha aliyumba upande mmoja kama mtu aliyetoka kilabuni, yeye ambaye hajawahi kuonja pombe tangu tumfahamu.

Hatukumgeuza kichwa. Mume wa mdogo wetu alitafuta gari, na kabla ya adhuhuri tulikuwa hospitali. Presha yake ilikuwa juu mno. Picha ya kwanza ya CT haikuonyesha kitu, na tulianza kuona haya kwa kelele tulizopiga. Lakini daktari alisema picha ya namna hiyo, saa za mwanzo, mara nyingi haioni vizuri kiharusi kilicho kisogoni, akamlaza. Picha ya MRI ilikionyesha: kiharusi kidogo katika ubongo mdogo. Tulielezwa kwamba hatari kubwa ilikuwa siku zile za mwanzo, kwa sababu sehemu iliyokosa damu huvimba, na kisogoni nafasi ni finyu. Uvimbe ukikua hubana shina la ubongo, na shina ndilo linalotunza pumzi. Yeyo alikaa wodini siku tisa akiangaliwa usiku na mchana, na sisi tukibadilishana zamu na uji.

Watu wanadhani kiharusi ni lazima mkono ufe ganzi au mdomo upinde. Hiki hakikufanya hivyo. Wala kiharusi si ugonjwa wa mijini au wa Ulaya. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai hapo jirani na sehemu ya Dar es Salaam, ulihesabu viharusi vipya kwa mwaka: kwa kila watu 100,000, baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na karibu 109 na Dar es Salaam karibu 316. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam inazidi ya nchi nyingi tajiri. Presha ndiyo mama wa haya, na presha haina kelele. Yeyo alikuwa na vidonge vyake, alikuwa akivinywa siku anazojisikia vibaya na kuviacha siku anazojisikia vizuri, jambo ambalo tunalisikia karibu katika kila nyumba.

Kiharusi si adui pekee. Huku kwetu kaskazini yuko mwingine, naye anahusu jiko. Minyoo ya tegu ya nguruwe imechunguzwa sana upande wa Mbulu, ambao mpaka 2002 ulikuwa ndani ya mkoa wetu wa Arusha na sasa uko Manyara. Madaktari wa hospitali ya Haydom waliwapiga picha za kichwa watu wenye kifafa na kukuta baadhi yao wana vifuko vya minyoo hiyo ndani ya ubongo. Yafaa ieleweke vizuri hapa. Anayekula kitimoto kisichoiva hupata tegu tumboni. Vifuko vya ubongoni huletwa na mayai ya tegu yatokayo kwenye choo cha mtu mwenye minyoo, yakafika mdomoni kwa mikono, kwa maji au kwa mboga zisizooshwa. Kwa hiyo hata mama ambaye hajagusa nyama ya nguruwe maishani aweza kuyapata. Kifuko kikikaa katika chumba cha maji kilicho nyuma ya shina la ubongo, hufanya kama kizibo kinachoelea: mgonjwa akigeuza kichwa ghafla kizibo kinaziba njia, na papo hapo huja maumivu makali ya kichwa, kutapika na kizunguzungu. Ludwig Bruns, daktari Mjerumani, aliandika habari za hali hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Wenye watoto wa kifafa, angalieni pia kipimo cha dawa. Fenitoini au kabamazepini zikizidi mwilini, macho huanza kucheza, mtoto hupepesuka na ulimi huwa mzito. Msimwachishe dawa ghafla, maana degedege la mfululizo laweza kumwua. Mrudisheni kliniki apunguziwe. Na mtoto anayeamka asubuhi baada ya asubuhi akitapika na kuumwa kichwa, anayeinamisha shingo upande mmoja, anayeanza kuanguka ovyo, huyo asitibiwe minyoo mwezi mzima. Aweza kuwa na uvimbe kisogoni. Vilevile mama mjamzito anayetapika kwa majuma bila chakula kukaa tumboni aweza kuishiwa vitamini B1; macho yakianza kucheza, akayumba na kuchanganyikiwa, anahitaji vitamini hiyo kwa sindano hospitali, siku hiyohiyo, kabla ya dripu ya sukari.

Kuhusu pombe hatutasema mengi, kwa sababu wake za wanywaji wanayajua bila kusomea. Pombe ni nyepesi kuliko maji, na inapoingia katika kile kipazia cha sikio inakifanya kielee, ndiyo maana mlevi akilala kitanda kinapaa, naye hushusha mguu mmoja sakafuni ili kukishikilia. Saa kadhaa baadaye, pombe ikitoka, macho hucheza tena upande wa pili. Hiyo ni ya usiku mmoja. Miaka mingi ya pombe bila chakula huharibu ubongo mdogo wenyewe, na hapo kupepesuka hakuishi hata akiacha kunywa.

Yako mambo mawili ambayo daktari alituomba tusiyakuze kupita kiasi. Kwanza, dalili za macho hazina mpaka mnyoofu. Wako wagonjwa wa ubongo ambao macho yao hutulia upesi, na wako wa sikio ambao yao hucheza kwa muda mrefu. Kwa hiyo mama wa nyumbani hawezi kuwa daktari kwa kutazama tu. Pili, tusianze kulazana kwa nguvu na kuninginizana vichwa, hasa wazee wenye shingo mbovu. Yeyo tulimlaza kama anavyolala kila siku, basi.

Tunachoweza ni kutazama na kusema tulichokiona. Je, macho yalianza mara moja au baada ya kitambo? Yaliacha lini? Yalielekea juu, chini, au kando? Aliona vitu viwili viwili? Maneno yalimtoka vizuri, alimeza mate bila kupaliwa, aliweza kukaa bila kushikiliwa? Kisogo kiliuma kwa namna mpya? Jibu moja baya katika hayo latosha kutafuta gari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na bodaboda ndiyo pekee iliyoko. Lakini kwenye bodaboda awepo mtu wa kumkumbatia kwa nyuma asianguke.

Na siku hizi karibu kila boma lina simu yenye kamera. Mara ya pili tulichukua picha ya video ya macho ya yeyo kwa nusu dakika hivi. Alipofika hospitali alikuwa amekaa wima, na macho yametulia kabisa. Daktari aliitazama video ile mara tatu, akiwa amesimama, kabla hata ya kuuliza jina la mgonjwa.